Funga Mlango, Mwalimu

3 Septemba

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi nipo, bado nafundisha Kiingereza katika shule hii ya bweni, na wanafunzi bado wananiita Madam Kamusi nikigeuka kuandika ubaoni.

Nimekuja na lile ombi langu unalolijua. Mwaka jana vyuo vyote vilinikataa, kila kimoja kwa adabu kuliko mwenzake, nikaapa kwamba basi, nimekoma. Kiapo kimedumu mpaka mvua zilipokwisha. Sasa nimeomba tena kusoma uzamili wa fasihi ya Kiingereza huko ng'ambo, vyuo vinne. Kila kimoja kinataka barua za walimu watatu wanaonijua. Wawili nimeshawapata. Wa tatu ni wewe, ingawa kwa haki ungekuwa wa kwanza. Wewe ndiye uliyesimamia tasnifu yangu ya wanawake wanaongoja katika riwaya, na wewe ndiye uliyenipa hili jina ninalotia hapa chini, kwa sababu sikunyamaza darasani kwako hata siku moja.

Mwisho wa kupokea barua ni mwisho wa Novemba. Insha yangu ya kujieleza iko ndani ya bahasha. Usinihurumie. Najua simu huipendi, uliwahi kusema haina pa kufutia, basi nitaendelea kukuandikia hivi hivi kwa posta.

Mkuu wa shule kila Ijumaa ananiuliza, "Bado upo?" kama mtu anayeulizia mafua yangu.

Wako,
Mbishi


14 Septemba

Mbishi,

Marahaba. Goti ni zima. Kinachoniuma ni insha yako. Unaanza kwa kusema tangu utotoni ulipenda vitabu. Hebu nitajie mwombaji mmoja aliyevichukia. Niambie uligombana na kitabu gani, na nani alishinda. Aya ya pili iko hai. Ya tatu umepiga magoti. Inuka. Hakuna anayempa kiti mtu aliyelala kifudifudi.

Barua nitaiandika, tena kwa raha zangu. Mama anakusalimu sana. Yeye ndiye atakayenisaidia kuituma, maana huo mfumo wao unanitaka nithibitishe kwamba mimi si mashine, na kuna siku sina hakika.

Ila harakisha sura ya tatu. Nimeingoja mno. Wenzako wote wameshakabidhi, na wewe kila nikikuuliza unacheka.

Mwalimu wako


27 Septemba

Mwalimu,

Shikamoo. Sura ya tatu! Nimecheka peke yangu hadi mwalimu wa hesabu akaniuliza kuna nini. Tasnifu ina jalada jeusi na iko kwenye rafu yako miaka na miaka. Lakini dongo limenifikia: insha yangu bado ina sehemu ninayoikwepa. Nimeiandika upya yote. Magoti nimeyatoa.

Sikufichi, hali yangu si nzuri. Mtandao hapa unapatikana mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, ukiegemea bomba. Wanafunzi wameshanijua; kila mapumziko nikielekea kule wanaambiana, "Anakwenda kusali." Nafungua ukurasa wa maombi, naangalia jina lako. Pembeni yake pameandikwa: Haijapokelewa. Najua ni mapema. Naangalia tu. Chakula hakipandi, na nywele za mbele zimeanza kunyonyoka kwenye kitana. Jana nilisahihisha daftari la mtoto mmoja, nikagundua nimemwandikia chini: Tunasikitika kukujulisha. Niliyafuta maneno hayo kabla hajayaona.

Msalimie Mama. Mwambie namtegemea kwenye hiyo kazi ya mashine.

Mbishi


9 Oktoba

Mbishi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, au nimesoma mbili zinazofanana. Insha sasa inapumua.

Mama hayupo. Amekwenda kwa dada yake, na safari hii amekaa sana. Hata salamu hajaleta. Si kawaida yake.

Nisingekuchosha na mambo ya nyumbani, lakini ni haki yako kujua kwa nini nachelewa. Kuna mwanamke amekuja kukaa hapa. Sijui nani amemwajiri. Ni mtu mzima, mpole wa sauti, na anapika vizuri. Tatizo ni mikono yake. Nikitoka chumba cha kusomea kidogo tu, nikirudi nakuta karatasi zimepangwa. Mimi sipangi karatasi, unanijua. Nikimwuliza, ananijibu, "Si wewe mwenyewe uliyeniambia nipange?" Halafu anasimama pale ananitazama, kama mwalimu anayengoja jibu.

Barua yako nitaianza upya kesho.

Mwalimu wako


20 Oktoba

Mwalimu,

Shikamoo, na pole. Hawa wasaidizi wa nyumbani wengine ni mtihani. Mama akirudi atamnyoosha. Nilitaka kumpigia Mama nimweleze, halafu nikasita, asije akadhani nakusukuma kupitia kwake.

Nakusukuma kidogo, lakini. Zile barua mbili nyingine zimeshafika. Sasa kwenye ukurasa wangu kila mstari una alama ya kijani isipokuwa wako. Ukiianza kesho, naomba uimalize hiyo hiyo kesho. Haina haja ya kuwa nzuri. Mistari yako michache inatosha, wao wanalijua jina lako.

Hizo karatasi, zifungie kwenye droo.

Mbishi


1 Novemba

Mbishi,

Nakuandikia nikiwa bafuni. Ndimo pekee anamobisha hodi.

Leo amevaa gauni la mke wangu, lile la kijani lenye vifungo mbele. Nikamwambia avue. Akalia. Mwizi analia nini?

Anajua sukari iko wapi. Anajua jina nililoitwa na marehemu mama yangu, jina ambalo hata wewe hulijui. Aliyemfundisha hayo yote amemfundisha kwa muda mrefu. Funguo za geti anazificha. Ananihesabia vidonge na anasimama hapo mpaka nimeze.

Barua yako niliimaliza. Nakwambia niliimaliza, na ilikuwa nzuri, nilieleza ulivyonibishia siku ile mbele ya mgeni wa idara hadi nikafurahi kushindwa. Asubuhi haipo. Yeye anasema haikuwapo.

Mke wangu akipita huko kwako, mwambie asije hapa peke yake.

Mwalimu wako


8 Novemba

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nimesimama pale tangini. Kumbe ilikwisha! Kumbe ilikuwapo!

Chuo kile ninachokitaka kuliko vyote kimeniandikia kwamba maombi yangu hayatasomwa mpaka barua ya tatu ifike. Mwalimu, mwaka mwingine mimi sina. Mkuu wa shule anataka nisaini mkataba mrefu hapa, na nikisaini nitazeekea kwenye ubao huu. Kila nikifumba macho naona hilo neno pembeni ya jina lako.

Naomba unifanyie jambo moja. Huyo mwanamke mnyime nafasi siku moja tu. Akiingia jikoni au stoo, funga mlango kwa nje, tia ufunguo mfukoni, kaa chini uandike. Andika, tuma, ndipo umfungulie. Atakuwa ameshika adabu. Akilia usimsikilize. Si umesema mwenyewe, mwizi analia nini?

Siku moja tu. Funga mlango, Mwalimu.

Mbishi


17 Novemba

Mbishi,

Nimefunga kama ulivyosema. Yuko stoo. Ufunguo uko kwenye mfuko wa shati, pamoja na barua zako.

Mwanzo aligonga. Kisha kukaanguka kitu. Sasa anaongea. Ananiita kwa lile jina la nyumbani. Anasema mkono unamwuma. Anasema niangalie picha ya ukutani, basi nimekwenda kuiangalia. Nimesimama na msichana mwembamba mwenye maua. Ni msichana mzuri. Sioni anahusiana vipi na mwanamke wa stoo.

Nimekaa mezani. Karatasi ni nyeupe. Nakumbuka kuna mtu anangoja kitu kutoka kwangu, na kwamba asipokipata ataangamia. Sikumbuki kama ni mtu wa mbali au ni huyu wa mlangoni.

Sasa amenyamaza. Nadhani amekubali.

Jirani anapita kwenye uzio kuelekea posta. Nitampa hii.

Mwalimu wako


26 Novemba

Mbishi,

Huyo mwanamke ni mimi.

Sijakwenda kwa dada yangu. Dada yangu alifariki watoto wetu wakiwa bado wadogo, na Mwalimu ndiye aliyesoma wasifu wake makaburini. Gauni la kijani ni langu. Vidonge ni vya daktari, navihesabu kwa sababu nikimwachia anavimeza vyote au anavizika kwenye chungu cha maua. Funguo nazificha kwa sababu mara mbili wamenirudishia kutoka barabara kuu, amevaa tai, anasema amechelewa darasani.

Mwandiko uvumilie, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia nilivunjika nikipanda ndoo kulifikia dirisha la stoo. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote. Nilijua mfupa umekwenda hata kabla sijatua sakafuni. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, kisha nikazimia. Kilichoniokoa ni barua yake kwako. Jirani alipoipokea pale uzioni alimwuliza, "Mama yuko wapi?" Akamjibu, "Kwa dada yake." Na jirani alikuwa amenisalimia asubuhi ile ile nikianika nguo. Ndipo akaruka uzio.

Tulipombadilisha shati tukazikuta barua zako. Nimezisoma. Yeye simlaumu, alifanya alivyoambiwa na mtu anayemwamini. Na sisi tuna letu: ugonjwa huu tumeuficha, mimi na yeye, alipokuwa bado anajua anachokificha. Hakutaka watu wa chuo wamwonee huruma.

Lakini wewe umefundishwa kusoma, mwanangu. Tena na yeye. Barua zote zile, hukuona?

Namba yangu unayo.

Mama


4 Desemba

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi. Kila nilipoanza nilikuwa nakueleza kwamba sikujua.

Kwamba ni wewe, sikujua. Hilo naapa. Nilidhani ni msaidizi, na kama angekuwa msaidizi bado ningekuwa nimemfungia mtoto wa watu stoo, kwa ajili ya barua.

Lakini umeniuliza kama niliona. Niliona. Ile sura ya tatu niliigeuza mzaha kwa sababu mzaha ulinifaa. Alipoandika kwamba mwanamke amevaa gauni lako analia, nilitoa simu pale tangini, nikaitafuta namba yako, kidole kikawa juu yake. Nikawaza: Mama akipokea ataniambia Mwalimu ni mgonjwa, na barua ya mgonjwa nani ataipokea? Nikairudisha simu mfukoni. Nilihitaji awe mzima mpaka atume. Baada ya hapo, sikuwa nimefikiria baada ya hapo.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Ukiniruhusu nitakuja, nifue, nipike, nikae naye wewe upumzishe mkono. Ukinifungia geti nitaelewa.

Chuo kimoja kimeongeza muda hadi Januari. Nakwambia ili usije ukasikia kwingine ukadhani nimekuficha. Siombi kitu.

Mbishi


12 Desemba

Mbishi,

Njoo. Sikuiti kwa kuwa yamekwisha. Nakuita kwa kuwa peke yangu siwezi, na mkono mmoja haumwogeshi mwanamume mzima anayekataa.

Usije ukafikiri hakukuandikia. Nimefungua kompyuta yake. Barua yako ameianza tena na tena, na kila mwanzo ni mzuri kuliko mwingine. Katika mmoja amekuita kwa jina lako la kweli. Katika mingine amekuita kwa majina ya wanafunzi wa zamani, mmoja wao alikuwa mwanamume. Hakuna hata mmoja uliovuka aya ya kwanza.

Sahihi yake sitakuwekea, na asante kwa kutoniomba. Mwandikie mkuu wa idara. Mwambie ukweli, kwamba Mwalimu hawezi tena. Kuficha kumetuchosha, na kumetuvunja mkono.

Jambo la mwisho. Ukifika, usitaje jina lako. Mwite Mzee, sema wewe ni mgeni wangu. Tangu siku ile akisikia "Mbishi" anainuka kutafuta funguo.

Mama


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Ule mfupa uliokataa kunyooka, daktari anasemaje?

Nimepata majibu. Vyuo vitatu vimenikataa. Kile nilichokitaka kuliko vyote kimekuwa cha kwanza, kwa sentensi mbili. Cha nne, kile kilichoongeza muda, kimenikubali, na gharama zote ni juu yao. Mkuu wa idara aliandika barua fupi, kavu kama risiti, lakini imetosha. Niliyasoma majibu hayo pale tangini, nikakaa chini kwenye matope. Wanafunzi wakaja wakikimbia, wakidhani nimefiwa. Mmoja akanishika bega akasema, "Pole, Madam," na sikumsahihisha.

Kuna kitu sikukwambia nilipokuwa kwenu. Siku ile ulipokwenda kliniki, mimi na Mwalimu tulikaa jikoni tukimenya viazi. Alikuwa mchangamfu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafundisha Kiingereza. Tukabishana kuhusu kama hadithi inaweza kuwa ya kweli wakati msimulizi wake ni mwongo, na, Mama, alikuwa yule yule, alinibana kila upande, macho yanawaka. Halafu akashusha sauti akaangalia mlango. Akasema, "Wewe unaonekana mtu mzuri. Nikwambie? Kuna mwanafunzi wangu mmoja, namwogopa sana. Ananiandikia barua."

Nikamwuliza, "Anataka nini?"

Akasema, "Hashibi."

Niliendelea kumenya.

Basi nakuuliza wewe, kwa sababu yeye siwezi kumwuliza. Niende? Nikibaki, naweza kuhamia shule ya karibu na kwenu, niwe nakuja kila jioni. Sema neno moja tu nami nitalifuata.

Mbishi


5 Aprili

Mwanangu,

Nenda.

Ukibaki utakuwa unakuja hapa kila jioni kunitazama mkono, na mimi sitaki kutazamwa mkono. Kibarua cha kukuonea huruma sikiwezi, nimeshajaa kazi. Kitindamimba wangu amerudi nyumbani kunisaidia, na jirani anakuja siku za kuoga. Wewe ulikitafuta kitu kile mpaka ukaniumiza, angalau ukakisome. Ukikiacha sasa nitakuwa nimevunjika bure.

Umeniuliza kule mwanzo kama nimekusamehe, hukuuliza kwa maneno lakini nililiona swali limekaa. Nimekusamehe. Kusahau, hiyo kazi anaifanya yeye.

Usimwandikie tena. Hata kadi. Niandikie mimi, nami nitakujibu nikipata nafasi.

Hali yake sasa ni ya utulivu. Hagombi, hatoki, vidonge anapokea mwenyewe anasema asante. Darasani hataki tena kwenda. Vitabu anavipitishia mkono migongoni kama mtu anayesalimia watu msibani, hafungui hata kimoja. Daktari anasema nishukuru, wapo wanaokuwa wakali.

Jana alasiri nilikuwa namkata kucha barazani. Akanitazama sana, akasema, "Wewe mama ni mtu mwema. Naomba ukae. Usiwe kama yule wa kwanza."

Nikamwuliza, "Wa kwanza yupi?"

"Mke wangu," akasema. "Alinifungia stoo. Niligonga, nikamwita, nikamwambia mkono unaniuma. Alikuwa pale pale upande wa pili, namsikia anavyopumua. Hakufungua."

Nikamshika kidole kilichofuata.

Mama